Kutoka Hongo hadi Ruzuku: Nani Mwenye Njia ya Tabora?

Mwezi Februari mwaka juzi nilikuwa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Uyui, magharibi ya mji wa Tabora, nikitafuta mabaki ya njia ya misafara iliyokuwa ikielekea Ujiji. Mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyepita miaka sitini, alinionyesha miembe mikubwa iliyobaki, kisha akaniomba nimsubiri kidogo. Aliporudi alikuwa na daftari la shule lenye jalada lililokwisha chakaa. Ndani yake, kurasa kumi na nne zilikuwa zimejaa majina, tarehe na hesabu: nani alileta mkokoteni wa mawe, nani alikata magogo, kitongoji gani kilitoa watu wangapi kuchimba mtaro. Ilikuwa kumbukumbu ya kazi ya kijiji hicho katika barabara ya kilomita saba inayokiunganisha na barabara kuu.

"Mwalimu," aliniuliza, "hii kazi yetu serikali inaiandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Daftari lile lilianza, alinieleza, baada ya mkwewe kubebwa kwa machela usiku kuvuka mbuga iliyojaa maji. Udongo wa mbuga zetu ni mweusi, hushika tairi kama gundi, na hakuna bodaboda anayethubutu kuuvuka mvua zikishakolea. Mama alipona. Mtoto hakupona. Wiki iliyofuata kijiji kilikutana, kikakubaliana kuinua tuta na kujaza mawe mahali pale. Walipokwenda katika ofisi inayohusika kuomba makalavati mawili tu ya kukamilisha kazi, swali la kwanza waliloulizwa ni kama barabara yao ina namba katika orodha. Haikuwa nayo. Na je, kazi waliyokwisha kuifanya inaweza kuhesabiwa kuwa mchango wao? Haiwezekani, kwa sababu haina stakabadhi. Aliyewajibu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifuata utaratibu wa fedha za umma, ambao unatambua fedha na hautambui jasho.

Nimelibeba swali la mzee yule kwa muda mrefu, na kila ninapolirudia naona kwamba si swali la uhandisi. Ni swali la historia, na Tabora ndipo mahali pake hasa. Kwa karne moja na nusu watu wa njia hii wameilipia: kwa nguo, kwa mabega, kwa rupia, kwa siku za kazi, na sasa kwa kila lita ya mafuta. Kitu ambacho hakijawahi kutokea ni malipo yao kuandikwa kama sehemu yao katika barabara, yaani kama haki. Yameandikwa kama deni lililokwisha kulipwa, au hayakuandikwa kabisa.

Tuanze na neno. Leo mtu akisema "hongo" sote tunafikiria bahasha chini ya meza. Katika karne ya 19 hongo lilikuwa jambo la hadharani, lenye taratibu zake na majadiliano marefu. Msafara uliotoka Bagamoyo, ukapita Mpwapwa na kuingia Ugogo, ulilazimika kusimama kwa kila mtemi na kutoa nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba kabla ya kuruhusiwa kuendelea. Wasafiri wa Kizungu walijaza vitabu vyao malalamiko kuhusu hongo la Ugogo, wakiliita unyang'anyi. Ni wachache kati yao waliojiuliza swali la msingi: katika nchi kavu namna ile, msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji ya nani na kula chakula cha nani? Visima vilikuwa na wenyewe. Mashamba yaliyokanyagwa yalikuwa na wenyewe. Hongo lilikuwa ada ya njia, na pamoja na udhalimu wa baadhi ya waliolitoza, lilisimama juu ya wazo linaloeleweka: njia inapita juu ya ardhi ya watu, na watu hao wana sauti juu yake.

Huko Unyanyembe, mahali ambapo leo pana mji wa Tabora, wazo hilo lilisababisha vita. Burton na Speke walifika Kazeh mwezi Novemba 1857, wakamkuta Mtemi Fundikira akiwa mgonjwa. Baada ya kifo chake alitawala Mnywa Sele, kijana aliyeamua kwamba bidhaa zote zinazoingia katika nchi yake zilipiwe ushuru. Wafanyabiashara Waarabu, waliozoea kuingia bila malipo, wakakataa, wakamng'oa kwa silaha na kumweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sele alipigana nao kwa miaka kadhaa akiwa mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, hadi alipouawa katikati ya miaka ya 1860. Wanafunzi wangu hupenda kuuliza kama alikuwa shujaa au mtawala mwenye tamaa. Huwajibu kwamba kwa mada yetu hilo si la muhimu sana. La muhimu ni kwamba ugomvi wa kwanza mkubwa wa kisiasa tunaoufahamu vizuri katika historia ya Tabora ulikuwa juu ya nani ana haki ya kutoza kinachopita njiani, na kwamba upande ulioshinda ulikuwa wa wale waliotaka kuitumia njia bila kuwajibika kwa wenyeji.

Mirambo alilielewa jambo hili kuliko wote. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, na ghafla Tabora nzima ikajaa pembe za ndovu zisizoweza kushuka na nguo zisizoweza kupanda. Stanley, aliyekuwa njiani kumtafuta Livingstone, alijiunga na Waarabu katika mapigano dhidi yake mwezi Agosti mwaka ule, wakashindwa vibaya, naye akalazimika kuzunguka kusini kupitia Ukonongo ili kufika Ujiji. Kuanzia Urambo, Mirambo alijenga dola ambayo nguvu yake kubwa ilikuwa kuzishika njia. Alipofariki mwezi Desemba 1884, dola ile haikudumu. Lakini kwa miaka zaidi ya kumi mtu wa magharibi alikuwa amewaonyesha watu wa pwani kwamba njia ina mwenyewe.

Nisieleweke kwamba naisifu njia ile. Ilipitisha watumwa pamoja na pembe, na hakuna uzuri wa miembe unaoweza kulifunika hilo. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka katika orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa jina linalotaja mambo yote mawili, watumwa na pembe, na ni sahihi kufanya hivyo. Hata hivyo wengi wa waliobeba mizigo walikuwa Wanyamwezi huru, wapagazi kwa taaluma, waliokuwa na mishahara, posho, viongozi wao walioitwa kirangozi, na uzoefu mkubwa wa kugoma pale mwajiri alipokiuka makubaliano. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hawa, anawaona kama tabaka la mapema la wafanyakazi wa ujira katika Afrika Mashariki. Kila mmoja alibeba takribani frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, juu ya njia yenye upana wa mtu mmoja. Haikuwa barabara. Iliendelea kuwepo kwa sababu ilikanyagwa, na ilikanyagwa kwa sababu ililipa.

Kuna kisa ambacho husahaulika. Barabara ya kwanza ya kisasa kuelekea bara haikujengwa na serikali yoyote, bali na watu binafsi. Kuanzia mwaka 1877 tajiri wa meli William Mackinnon na mfadhili mwenzake Thomas Fowell Buxton waligharimia barabara kutoka Dar es Salaam iliyokusudiwa kufika Ziwa Nyasa. Ilifika kiasi cha kilomita 110 hivi, ikaachwa. Ndorobo waliwaua ng'ombe wa kukokota magari, na wafanyabiashara hawakuja. Mwaka 1879 walijaribu wengine: watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji waliteremsha tembo wanne kutoka India katika ufukwe wa Msasani ili wabebe mizigo hadi Tanganyika. Mradi huo nao ulikufa, pamoja na tembo. Barabara ya Mackinnon ilikosa kitu ambacho kijiji cha Uyui kinacho bila fedha yoyote: watu wanaoishi kando yake, ambao maisha yao yanaitegemea na ambao wako tayari kuifyeka kila mwaka.

Wajerumani walipoishinda ngome ya Mtemi Isike mwezi Januari 1893, naye akachagua kujilipua kwa baruti kuliko kutekwa, walilifuta hongo. Vitabu vya kikoloni vililieleza jambo hili kama ukombozi wa biashara. Lakini kodi ya njia haikufutwa, ilihamishwa. Sheria ya kodi ya nyumba iliyoanza kutumika mwaka 1898 ilitaka rupia tatu kwa nyumba katika maeneo ya vijijini, na asiyekuwa na rupia alitoa kazi. Kazi hiyo, mara nyingi, ilikuwa barabara. Majumbe na watemi waliwajibika kufyeka vipande vya barabara vilivyopita katika maeneo yao na kutunza kambi za maofisa wa safari. Zamani mpita njia alimlipa mwenyeji. Sasa mwenyeji alimlipia mpita njia. Nadhani hakuna mabadiliko makubwa kuliko haya katika historia yote ya njia yetu, nayo yalifanyika bila mtu yeyote kuyatangaza.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaua upagazi wa masafa marefu, isipokuwa vita ilipozuka mwaka ule ule na kuwarudisha wanaume wa magharibi chini ya mizigo, safari hii kwa lazima. Wabelgiji waliingia Tabora mwezi Septemba 1916. Idadi ya wapagazi waliokufa katika vita ile ni ya kutisha, na mji wenyewe, uliojengwa na taaluma yao, hauna mnara wowote unaolingana na walichotoa.

Waingereza walikuja na lugha laini zaidi. Gavana Donald Cameron, kupitia Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, aliwapa watemi uwezo wa kutoa amri kwa watu wao, na ufyekaji wa barabara ukawa miongoni mwa amri hizo. Walioshindwa kulipa kodi waliendelea kuitumikia kwa majembe. Halafu ukaja Mkataba wa Kimataifa kuhusu Kazi za Kulazimishwa wa mwaka 1930, ambao Uingereza iliuridhia mwaka 1931. Naomba msomaji, hasa mtumishi wa umma, asimame hapa kidogo. Mkataba ule ulipiga marufuku kazi za kulazimishwa, lakini ukaacha nje ya katazo zile huduma ndogo za jamii zinazofanywa na wanajamii kwa faida yao wenyewe ya moja kwa moja. Barabara ya kijiji inaingia kwa urahisi katika mlango huo. Kulikuwa na sharti: wanajamii, au wawakilishi wao wa moja kwa moja, wawe na haki ya kushauriwa kama huduma hiyo inahitajika. Tanganyika huru iliridhia mkataba huo huo mwaka 1962, na sharti lake bado linatufunga. Huwauliza wanafunzi wangu wangapi wamewahi kusikia sharti hilo likitajwa katika mkutano wa kijiji. Mpaka sasa hakuna aliyenyosha mkono.

Uhuru ulileta kujitolea. Sina dhihaka na neno hilo; wazazi wangu walijitolea, na zahanati niliyochanjwa ilijengwa kwa matofali yao. Miaka ya 1960 ilikuwa na ari ambayo kizazi chetu kinaitamani. Lakini kujitolea kuliachwa bila hesabu. Kijiji kilitoa nguvukazi, serikali ikaahidi vifaa, na pale vifaa vilipochelewa hapakuwa na mahali pa kudai, kwa sababu aliyejitolea hana anachodai. Watemi walikuwa wameondolewa madarakani kisheria mwaka 1963, halmashauri nazo zikavunjwa mwaka 1972, hazikurejea hadi miaka ya 1980. Katikati ya hayo ikaja operesheni ya vijiji. Nyerere alitangaza mwezi Novemba 1973 kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na katika maeneo mengi nyumba zilipangwa kandokando ya barabara. Badala ya barabara kupelekwa kwa watu, watu walipelekwa kwenye barabara. Bibi yangu alihamishwa kwa namna hiyo. Alisema, hadi anafariki, kwamba alikuwa akiishi "kwenye barabara ya serikali", hakuwahi kusema "yetu".

Sasa nivuke bahari kidogo, kwa sababu mfano ulionifungua macho hauko Afrika. Miaka michache iliyopita nilipata nafasi ya kukaa wiki kadhaa Finland kwa shughuli za utafiti, nikashangaa kujua kwamba nchi ile tajiri imeacha sehemu kubwa zaidi ya barabara zake mikononi mwa watu binafsi. Barabara za serikali ni takribani kilomita 78,000. Barabara binafsi, pamoja na za misitu, ni takribani kilomita 350,000. Hizi si barabara za matajiri. Ni njia za mashamba, za vijiji, za nyumba tatu zilizo kando ya ziwa. Wenye ardhi na nyumba zinazohudumiwa na njia huunda chama cha barabara, hukutana, hupanga bajeti, hugawana gharama. Mgawanyo haufuati idadi ya vichwa, unafuata matumizi: anayepitisha malori ya magogo hulipa zaidi kuliko mzee anayeendesha gari dogo kwenda dukani. Serikali nayo hutoa ruzuku ya kuboresha barabara hizo, kwa kawaida nusu ya gharama. Tangu sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 2019, ni lazima kwanza kuwe na chama kilichoundwa rasmi, chenye taarifa sahihi katika rejista, ndipo ruzuku iombwe.

Sipendekezi tuinakili Finland. Theluji si tope, na Mfini hajawahi kufyeka barabara kwa sababu ya rupia tatu za Mjerumani. Kilichonivutia ni mpangilio wa fikra. Ruzuku ile haianzi na huruma ya serikali, inaanza na kuwepo kwa mwenyewe. Kwanza kuna watu wanaotambuliwa kuwa na barabara, kisha kuna sehemu yao iliyohesabiwa, na baada ya hapo tu serikali inaongeza ya kwake. Katika Kiswahili chetu "ruzuku" inatoka katika shina moja na "riziki", kitu kinachoshuka kutoka juu na ambacho mpokeaji hukishukuru. Hongo lilipanda, ruzuku inashuka, na kati ya hayo mawili tumekosa neno la kisiasa la kile ambacho Mfini anacho: fungu langu katika kitu chetu. (Fungu tunalo katika vitabu vya bajeti, lakini hilo ni la Hazina.)

Turudi nyumbani, kwenye fedha. Kila anayenunua mafuta ya gari nchini hulipia barabara. Tozo hiyo huingia katika Mfuko wa Barabara, na kwa miaka mingi mgawanyo ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya, ambazo tangu mwaka 2017 zinasimamiwa na TARURA. Sasa linganisha urefu. TANROADS inahudumia zaidi ya kilomita 36,000. TARURA inahudumia zaidi ya kilomita 144,000. Yaani takribani asilimia 80 ya mtandao ilikuwa ikitunzwa kwa asilimia 30 ya tozo. Mwaka 2021 serikali ilichukua hatua ambayo naiona kuwa ya haki: tozo iliongezwa kutoka shilingi 263 hadi 363 kwa lita, na nyongeza ile ya shilingi 100 ikaelekezwa TARURA. Kwa hesabu rahisi, barabara za wilaya zikaanza kupata karibu nusu ya kila lita. Ni hatua kubwa, na anayesema hakuna kilichobadilika vijijini hajatembea.

Lakini fedha hizo zinafuata barabara zilizoorodheshwa. Ile isiyo na namba haimo katika kilomita 144,000. Iko katika daftari la shule la mwenyekiti. Na mkulima wa kijiji kile analipa tozo sawasawa na mwingine, kila anapopanda bodaboda na kila anaponunua sabuni iliyopanda bei kwa sababu ya nauli. Analipa pia ushuru wa mazao, ambao sheria ya mwaka 2017 iliuweka asilimia 3 kwa mazao ya biashara, unaokatwa hata kama mnunuzi ndiye anayeandika hundi, maana bei anayopewa mkulima inauzingatia. Tumbaku ya Tabora, iliyoanza kushamiri Urambo baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuanguka pale mwanzoni mwa miaka ya 1950, hutoka vijijini kwa malori yaliyosheheni marobota. Malori hayo ndiyo yanayochimba mashimo ambayo kijiji hujaza mawe. Kwa kanuni ya Wafini, mwenye lori angetoa sehemu kubwa zaidi katika chama cha barabara. Kwa kanuni yetu analipa ushuru halmashauri, na shimo linabaki kwa kijiji.

Ninachopendekeza ni kidogo, na ndiyo maana naamini kinawezekana. Kijiji kiruhusiwe kusajili barabara yake ya jamii pamoja na kamati yake ya barabara, kwa uamuzi wa mkutano mkuu wa kijiji. Kazi ya wanakijiji ipimwe na fundi wa wilaya, kwa mita za tuta na za mtaro, na ithaminiwe kwa bei zile zile anazolipwa mkandarasi. Thamani hiyo ihesabiwe kuwa fungu la kijiji, na serikali iweke fungu linalolingana nalo kwa vitu ambavyo jembe haliwezi kuvifanya: makalavati, changarawe, siku chache za greda. Hili si geni kwetu kabisa. TASAF, tangu ilipoanza mwaka 2000, imezoea kudai mchango wa jamii katika miradi yake, na baadaye imelipa ujira kwa kaya masikini zinazofanya kazi za umma, barabara za vijiji zikiwemo. Tunaujua utaratibu wa kuhesabu siku za kazi. Tumeutumia pale tu tulipomtambua mtu kuwa masikini, hatujautumia pale alipojitambulisha kuwa mwenye njia.

Pingamizi zipo na si za kipuuzi. Mwenzangu mmoja katika idara ya uchumi aliniambia kwamba ruzuku inayofuata mchango huvineemesha vijiji vyenye nguvu. Kijiji chenye vijana na tumbaku kitachangia na kupata. Kijiji cha wazee kitabaki na mbuga yake. Ana haki, na kwa hiyo uwiano usiwe mmoja kwa wote: palipo na uhaba, serikali iweke tatu kwa moja. Pingamizi la pili linanisumbua zaidi, kwa kuwa linatoka katika historia niliyoieleza. Mara tu kazi ikianza kuwa na thamani ya fedha, mtendaji atapata sababu ya kuilazimisha. Siku ya msaragambo itageuka kuwa siku ya mgambo. Wazee wanakumbuka kodi ya maendeleo na namna watu walivyofukuzwa maporini kwa ajili yake hadi ilipofutwa mwaka 2003. Kinga ninayoiona ni lile sharti la mwaka 1930 tulilolisahau: hakuna kazi bila mkutano kuamua, na muhtasari wa mkutano huo uwe ndiyo hati ya kwanza katika jalada la maombi. Asiyehudhuria kazi asipoteze chochote isipokuwa kura katika kamati ya barabara.

Kuna wanaharakati watakaosema kwamba barabara ni wajibu wa serikali, na kwamba mpango kama huu unaiondolea serikali mzigo wake. Ningekubaliana nao kama wanakijiji wangekuwa wamekaa wakisubiri. Hawajakaa. Kazi inafanyika hivi sasa, kila mwaka mwezi Oktoba kabla ya mvua, katika maelfu ya vijiji, bila kuandikwa popote. Wanachokitetea wanaharakati hao, bila kukusudia, ni kazi hiyo iendelee kuwa ya bure.

Nilipoondoka Uyui mzee aliniomba nipige picha kurasa zote kumi na nne, kwa sababu mchwa walikuwa wamekwisha kuanza kula pembe za daftari. Nilizipiga, nikazichapa, nikampelekea nakala mbili, moja yake na moja ya ofisi ya kijiji. Mwezi uliopita alinipigia simu. Wamefikia ukurasa wa ishirini na mbili, na anataka kujua kama safu ya kuandikia mikokoteni ya mawe iwekwe kabla ya safu ya majina au baada yake, ili siku fundi atakapokuja asipate taabu kusoma.